Siku Thelathini za Uongo (Sehemu ya Nne)

Wapo walionitumia salamu baada ya simulizi ya wiki iliyopita, na wapo walionitumia matusi. Yote yamefika. Yule aliyeandika kwamba mtu kama mimi angefungwa jiwe shingoni akatupwa mtoni, namjibu hivi: mto wenyewe ndio huu tunaougombea, kwa hiyo avute subira tuone kama utabaki.

Kwa aliyechelewa kuingia, nampa kwa ufupi. Mimi ni mhudumu katika ofisi za halmashauri. Nafagia, nachemsha chai, nabeba mafaili, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa mbandikaji wa matangazo kwenye ubao wa barazani. Ndiyo maana wananiita Mama Pini.

Halmashauri ikitaka kubadilisha matumizi ya ardhi, palipokuwa wazi pajengwe, haijiamulii tu kama mtu anayehamisha kabati chumbani kwake. Rasimu ya ramani hubandikwa ubaoni siku thelathini, watu waione, mwenye pingamizi alilete. Zikiisha, mbandikaji anasaini daftari kwamba kweli zimetimia. Baada ya hapo ndipo kamati inajadili, na mwisho baraza zima la madiwani linapiga kura.

Nilisaini. Ramani haikubandikwa hata siku moja. Ilikuwa stoo, imeviringishwa, nyuma ya kabati lililovunjika mguu. Nilisaini asubuhi ileile niliyokabidhiwa barua ya ajira ya kudumu, baada ya miaka kumi na moja ya ukibarua, wala sikuuliza ramani inahusu wapi.

Ilihusu ukingo wa mto, pale dada yangu anapootesha miche.

Wiki iliyopita tuliishia pale dada alipoingia mapokezi siku ya Jumatano, ameshika kigingi chenye rangi nyekundu.

Alikiweka juu ya kaunta na udongo wake.

"Hiki kimeota kwenye matuta yangu," alimwambia binti wa mapokezi. "Sikukipanda mimi. Namtafuta mkulima wake."

Mkuu wa Mipango akatoka ofisini. Huyu ndiye tunayemwita Bwana Rula, kwa ajili ya rula ya chuma inayokaa mfukoni mwa shati lake hata akienda msibani. Si mtu wa kelele. Akitaka kukudhulumu, anakukaribisha kiti kwanza.

"Karibu mama, keti."

"Nimeketi miaka kumi na tisa pale mtoni, na kibali chenu ninacho. Leo nitasimama."

Akamweleza taratibu, kama daktari. Eneo la wazi sasa ni eneo la maghala. Kitamwagwa kifusi, ardhi itainuliwa, ukuta utazungushwa. Kamati imeshapitisha. Kesho, Alhamisi, baraza linaidhinisha.

"Na maji ya mvua?" dada aliuliza. "Mwaka huu yalifika hapa." Akajigusa kiunoni. "Yalilala pale uwanjani siku tatu, yakaondoka zake, hayakumdhuru mtu. Mkipainua pale, yatakwenda kulala wapi? Nyumbani kwetu?"

"Swali zuri sana, mama. Lilikuwa na siku zake thelathini. Hakuna aliyelileta."

"Tangazo sikuliona."

"Lilikuwepo." Akafungua daftari, akaligeuza limwelekee dada. "Tarehe ya kubandikwa hii. Tarehe ya kubanduliwa hii. Na hii ni saini ya mbandikaji."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Niwaambie kitu kuhusu saini yangu. Mwaka mama yetu alipolala kitandani mgonjwa, shule niliikosa mwaka mzima. Aliyenifundisha kuandika ni dada, kwa kijiti, udongoni, baada ya kumwogesha mama. Herufi ya mwisho ya jina langu ina mkia unaorudi nyuma, kama wa paka aliyeketi. Mkia ule aliuchora yeye kwanza, nami nikaufuata kwa kidole.

Akainama juu ya daftari. Kisha akainua uso, akanitazama mimi, si Bwana Rula.



"Nimeona," akasema. Akachukua kigingi chake, akatoka.

Heri angenitukana.

*

Jioni nilijikokota hadi kwake. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa kizingitini anaziba pancha ya baiskeli ya mteja. Ni fundi baiskeli, mtu wa masihara. Hata kwenye kitanda cha hospitali aliwahi kumwambia muuguzi amtie upepo gurudumu la nyuma.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja na tangazo gani?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akarudisha macho kwenye beseni, akawa anatafuta tundu la mpira ambalo mimi niliyesimama mbali nilikuwa nimeshaliona linavyotoa mapovu.

Dada alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye matuta madogo ya nyumbani, anamwagilia michungwa kwa kopo lililotobolewa.

"Dada, nimekuja nikueleze kwa nini."

"Sijakuuliza kwa nini. Kwa nini naijua. Umechoka kuitwa kibarua. Hata mimi ningechoka." Akahamia tuta la pili. "Nakuuliza lini."

"Lini nini?"

"Lini utaifuta."

"Saini haifutiki, dada."

"Basi utaisemea."

Nikamwambia yote yaliyokuwa yananikaa kooni. Kwamba nikisema nimedanganya, kazi imekwenda. Kwamba si kazi tu, ni kosa, naweza kushtakiwa. Kwamba nina miaka hamsini na mbili, na hakuna ofisi inayomngoja mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye ufagio mkononi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Dada yangu hakatizi mtu.

"Kushtakiwa unaweza," alisema. "Na mimi naweza kukuletea chakula huko watakakokuweka, kila siku, mpaka watuzoee. Lakini kukaa na wewe hapa, unakula unashiba na hayo umeyameza, hilo siliwezi."

"Unanifukuza?"

"Nakungoja."

Akaweka kopo chini.

"Mwanzo nilidhani umenisaliti mimi. Nikalia njia nzima. Nilipofika hapa nikahesabu nyumba za bondeni, moja moja. Arobaini na tatu. Nikaona kumbe nilikuwa najililia peke yangu kama vile mto unapita kwangu tu."

Nilirudi kwangu nikiwa na hasira. Si na yeye. Na mimi, na barua yangu ya ajira niliyoiwekea fremu ya kioo ukutani kama picha ya harusi. Nikaishusha.

*

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya wote. Nilijua nifanye nini. Ningeingia stoo, ningeichukua ramani na vumbi lake lote, ningekwenda nayo kikaoni, madiwani wajionee.

Stoo nikakuta kabati, mguu wake uliovunjika, na utando wa buibui uliochanika. Ramani haikuwepo.

Nikatoka nje barazani. Ramani ilikuwa ubaoni, nyuma ya kioo, imenyooshwa kama shuka la mgeni, na muhuri wa tarehe ya wiki tano zilizopita.

"Inapendeza, siyo?" Bwana Rula alikuwa nyuma yangu. "Na imekuwa hapa muda wote."

Ubao ule una funguo mbili. Moja ilikuwa shingoni mwangu. Nyingine sasa nimejua ilikuwa kwa nani.

"Mkuu, leo nitasema," nikamwambia.

"Utasema nini? Kwamba ulisaini uongo?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Mtu anayejitangaza mwongo, watu wanaanza kumwamini kuanzia sentensi ya ngapi?"

Nisiwafiche, niliogopa.

Akatoa bahasha. Alikuwa ameiandaa, naye pia alikuwa ameamka mapema. Ndani mlikuwa na barua ya kusitisha ajira yangu kuanzia saa hiyo, kwa utovu wa nidhamu, bila kutaja nidhamu ipi.

"Ichukue kimyakimya, nenda nyumbani ukapumzike. Jumatatu njoo tuzungumze. Barua ikitoka inaweza pia kurudi."

Hapo, ndugu zangu, ndipo woga uliponitoka. Mtu akikutisha kwa kitu ambacho bado unacho, unaogopa. Akishakupokonya, anakutisha kwa nini tena?

Nikafungua kioo cha ubao kwa ufunguo wangu. Nikatoa pini nne mfukoni, maana pini haziniishii mfukoni kama vile wengine wasivyoishiwa na pipi. Nikaibandika barua ya kuachishwa kwangu kazi pembeni mwa ramani, kona nne, imenyooka.

"Unafanya nini? Hiyo ni barua ya siri."

"Kwangu mimi hii ni tangazo, Mkuu. Na hili litakaa siku thelathini kwelikweli."

Akaondoka akitafuta mlinzi wa kuja kuibandua. Na mimi, kwa vile mkono ulikuwa bado ndani ya kioo, nikaona kitu ambacho ningekiona tangu mwanzo kama hofu isingenipofusha.

Ramani haikuwa na pini. Ilikuwa imeshikizwa kwa selotepu.

Miaka kumi na moja sijawahi kubandika kwa selotepu, kwa sababu inachuna kitambaa. Ubao wetu umevikwa kitambaa cha kijani, na jua la mchana linaupiga uso mzima. Kitambaa kimepauka kama kanga ya kufulia. Ila karatasi ikikaa pale mwezi mzima, ukiibandua unakuta umbo lake chini, kijani kibichi, kama pazia lilivyo ndani ya pindo.

Nikainua kona ya ramani, nikachungulia.

Nikakifunga kioo, nikasimama mbele yake mikono kifuani. Mlinzi alipokuja nikamwambia, "Baba, hili jambo lina saa moja tu. Nenda kanywe chai. Leo jichemshie mwenyewe." Amenijua miaka mingi. Akaenda.

*

Nimeingia ukumbi wa baraza mara nyingi kuliko diwani yeyote. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuingia bila sinia.

Madiwani walikuwa ishirini na mmoja, wameketi katika umbo la kwato, wazi upande wa wananchi. Kwenye mabenchi ya wananchi alikuwepo dada na majirani wa bondeni kama thelathini, wengine wamesimama. Shemeji alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, kofia magotini.

Ajenda ya sita. Mwenyekiti wa baraza, mwenye sauti ya mkwaruzo, alisoma haraka kama anayesoma masharti ya dawa. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ukingo wa mto, kutoka eneo la wazi kuwa maghala. Tangazo limekaa siku thelathini. Hakuna pingamizi.

"Pingamizi lipo, Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema nikiwa nimesimama.

Akatazama juu ya miwani. "Mama Pini, chai baadaye."

Wakacheka.

"Chai leo hakuna. Nimeachishwa kazi asubuhi hii. Barua iko ubaoni, anayetaka aisome."

Kicheko kikaisha chenyewe. Karani wa baraza akasimama na kitabu cha kanuni: mwananchi haruhusiwi kuzungumza kikao kikiendelea. Mlinzi akaanza kunisogelea.

Aliyeniokoa ni diwani wa kata yetu, mwanamama mkimya aliyeketi kando ya Mwenyekiti, anayeandika kila kitu kwenye daftari dogo.

"Mwananchi haruhusiwi," alisema, "lakini baraza linaweza kumuuliza mtumishi kuhusu kumbukumbu aliyoisaini. Saini iliyo kwenye daftari ni ya huyu. Mimi namuuliza. Mama, tangazo lilikaa siku ngapi?"

Nikaangalia mbele. Nilijua nikimwangalia dada nitalia.

"Halikukaa hata moja. Ramani ilikuwa stoo. Nilisaini kwa sababu niliahidiwa ajira, na nilijua ni uongo wakati kalamu iko mkononi. Sikudanganywa. Sikulazimishwa kwa kisu. Nilitaka kitu, nikakipata, na gharama nikawabandikia watu wa nyumba arobaini na tatu. Mkinishtaki nishtakini. Lakini msipige kura juu ya saini yangu, kwa sababu mimi mwenyewe naikataa."

Bwana Rula alisimama bila haraka, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, tuna huruma na mama huyu. Ameachishwa kazi, ana uchungu. Leo anasema alidanganya. Kesho atasema leo ndipo alipodanganya. Ramani iko ubaoni, ina muhuri na tarehe."

"Naomba mtoke nje mkaione," nikasema.

"Haina haja," alisema yeye, na nadhani haraka ya kusema hivyo ndiyo iliyowainua vitini.

Wakatoka wote ishirini na mmoja, wakajazana barazani na suti zao. Nikafungua kioo. Nikatoa barua yangu kwanza. Kisha nikashika selotepu, nikaibandua ramani yote, nikasogea pembeni.

Chini yake kitambaa kilikuwa kimepauka sawasawa na ubao mzima. Isipokuwa katikati, palipokuwa na umbo dogo la kijani kibichi, la ukubwa wa karatasi moja, na matundu manne ya pini.

"Hapo palikuwa na tangazo la chanjo ya mbwa," nikawaambia. "Nililitoa Jumatatu. Lilikaa miezi miwili. Kama ramani hii ingekuwa hapa wiki tano, mbwa wangechanjwa juu ya nini?"

Diwani mmoja mzee, ambaye kazi yake ni ushonaji, akapenya mbele. Akapapasa kile kitambaa kwa kidole gumba, akakigeuza pindo, akaangalia rangi ya ndani.

"Nimeshona mapazia miaka thelathini," alisema. "Jua halipokei maelekezo ya ofisi. Karatasi hii kubwa haijalala hapa hata siku tatu."

Bwana Rula alikuwa anaigeuzageuza rula yake.

*

Tuliporudi ukumbini nilikaa kwenye benchi la wananchi, pembeni ya dada. Akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara, kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema baraza haliwezi kupiga kura juu ya tangazo lenye shaka. Akapendekeza ajenda iondolewe na ramani ibandikwe upya, siku thelathini za haki, wananchi walete pingamizi. Majirani wakaanza kunong'onezana. Mama mmoja wa bondeni alikuwa tayari anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kabla hatujafika huko," alisema Bwana Rula.

Alikuwa amesimama, na faili mkononi.

"Tangazo lina kazi moja, kumfikia anayeguswa. Mwenye kibali cha kutumia eneo lile ni mmoja tu. Na huyo hakuhitaji ubao. Aliarifiwa kwa maandishi, akaridhia, akasaini. Naomba karani asome."

Karani akasoma. Fomu ya ridhaa. Jina lililokuwa chini yake lilikuwa la dada yangu.

Nikasikia mkono wake ukilegea ndani ya wangu.

Fomu ikaletwa mpaka kwenye benchi. Dada akaisogeza karibu na macho, akaisoma yote, mstari kwa mstari, watu zaidi ya hamsini wakimngoja. Niliomba aseme imeghushiwa. Nilimwomba kimoyomoyo, sema neno hilo moja, tumalize.

"Saini ni yangu," alisema.

Mtu nyuma yetu akavuta pumzi.

"Ni yangu, na siwezi kuikana, kwa sababu hapa leo tumechoka na uongo. Lakini karatasi niliyoisaini mimi ilikuwa ya kuomba bomba la maji pale mtoni. Niliambiwa hivyo. Ilikunjwa juu, nikaonyeshwa pa kusaini. Sikuifungua kwa kuwa aliyeileta sina desturi ya kumkagua."

"Nani aliyeileta, mama?" Mwenyekiti akauliza.

Dada akafunga mdomo. Ninamjua dada yangu. Mdomo ule ukifungwa hivyo, huufungui kwa patasi. Alikuwa ananyoosha fomu juu ya goti lake, ananyoosha tena, na hakugeuka nyuma hata kidogo. Kule kutogeuka ndiko kulikoniambia.

Benchi la mwisho likalia.

"Ni mimi," shemeji alisema.

Alikuwa amesimama, kofia ameiminya mkononi. Sijawahi kumwona mtu yule bila mzaha usoni. Alionekana kama nyumba iliyohamwa.

"Nilimpelekea mke wangu karatasi, nikamwambia ni ya bomba. Na nilijua si ya bomba. Jana shemeji yangu alikuja nyumbani na dhambi yake, nikamwona anavyoibeba kwenda nayo kwa dada yake. Mimi yangu nilikaa nayo kwenye beseni la pancha. Leo amesimama hapa mwanamke, amevuliwa kazi, akasema. Nami nikiendelea kukaa, nitakuwa nimekaa maisha yangu yote."

"Karatasi uliitoa wapi?" Mwenyekiti aliuliza. "Ulipewa na Mkuu wa Mipango?"

"Hapana."

Bwana Rula aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona akishangaa kweli.

"Aliyenipa yumo humu ndani," shemeji alisema. "Jina lake sitalitaja kwa mbali. Nitakwenda nisimame mbele yake, kusudi anikane nikimtazama."

Akaanza kutembea katikati ya mabenchi. Mlinzi akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti hakutoa ishara yoyote. Shemeji akampita dada bila kumgusa. Akampita Bwana Rula bila hata kumtupia jicho. Akaingia ndani ya ile kwato ya madiwani, akaacha viti vya kulia, akaacha vya kushoto, akaendelea mbele.

Mbele yake vilikuwa vimebaki viti viwili. Kimoja cha Mwenyekiti. Kingine cha diwani wa kata yetu, yule mwanamama aliyeniombea nafasi ya kusema, ambaye sasa alikuwa ameacha kuandika.